Uzani Uongezekao Katika Sikukuu za Majira ya Baridi

Kila mwaka, siku zifupikapo katika nchi za kaskazini na miti ikapukutisha majani yake, magazeti ya Marekani na Uingereza huwatahadharisha wasomaji wao kwamba baina ya Sikukuu ya Shukrani, ambayo Wamarekani huiadhimisha Alhamisi ya nne ya Novemba, na siku ya Mwaka Mpya, mtu wa kawaida huongezeka uzani wa ratili 5 au zaidi, kiasi cha kilo 2 na robo. Maneno hayo yalirudiwa kwa miaka mingi na wajuzi na wasio wajuzi sawasawa, yakaingia katika mazungumzo ya mezani na katika matangazo ya wauza dawa za kukondesha, hata yakahesabiwa kuwa hakika isiyotaka ushahidi. Watu walikula huku wakijilaumu, na Januari ilipoingia wakajilaumu tena. Lakini waliokuwa wamechukua mizani wakawapima watu wale wale kabla ya sikukuu na baada yake, kwa idadi ya kutosha kuamua neno, walikuwa wachache mno.

Kazi hiyo ilifanywa kwa uangalifu na mabingwa wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zilizoko Bethesda katika jimbo la Maryland, wakiongozwa na Jack Yanovski, na matokeo yake yakachapwa mwezi wa Machi 2000 katika jarida la tiba liitwalo The New England Journal of Medicine. Waliwapima watu wazima 195: mara ya kwanza mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla harufu ya karamu haijasikika, mara ya pili katikati ya Novemba, mara ya tatu Januari, sikukuu zilipokwisha, na mara ya nne mwishoni mwa Februari au mwezi wa Machi. Wastani wa ongezeko la majira ya sikukuu ulikuwa kilo 0.37 tu, yaani chini ya ratili moja, na waliozifikia zile ratili 5 zilizotangazwa magazetini hawakutimia hata mmoja katika kila kumi. Wenyewe waliopimwa, walipoulizwa, walidhani wameongezeka mara kadhaa ya kiasi kile. Hofu ilikuwa imeipita mizani kwa mbali.

Mtu aisomaye habari hiyo kwa haraka atafurahi, ataona mambo ni shwari, na ataomba aongezewe chakula. Namsihi angoje kidogo. Kwani watafiti wale walikuta kwamba hicho kidogo kilichoongezeka hakikuondoka: kufikia Februari na Machi wastani wa watu wao ulikuwa umeuzidi ule wa mwanzo kwa kilo 0.48, na wale 165 waliorudi kupimwa mwaka ulipotimia hawakuonekana kupungua, ijapokuwa jua lilikuwa limerudi, nguo nzito zimevuliwa, na watu wametoka nje kutembea. Nusu kilo haionekani katika kioo, haibani mshipi, wala haimfanyi rafiki akuulize habari zako. Lakini mtu aongezekaye nusu kilo kila mwaka tangu umri wa miaka 25 atakuwa na kilo 10 za ziada afikapo miaka 45, naye hataweza kuitaja hata siku moja aliyokula kupita kiasi. Ni mfano wa maji yaingiayo ngamani mwa jahazi kwa upenyo usioonekana: nahodha aiogopaye tufani peke yake, asiende kuyakumba maji hayo, atastaajabu siku chombo kitakapokuwa kizito katika bahari tulivu. Aidha, waliokwisha kuwa wanene kabla ya sikukuu ndio walioelekea zaidi kuzifikia zile ratili 5, na hivyo mzigo huangukia pale palipo na mzigo tayari.

Wako wasemao kwamba kosa ni la baridi, kuwa mwili wa binadamu hutaka kujiwekea shahamu kabla ya dhiki ya majira. Rai hiyo si ya kupuuzwa, ila kalenda haiishuhudii. Mwaka 2016 jarida lile lile lilichapa hesabu za watu 2,924 wa Marekani, Ujerumani na Japani, ambao kwa mwaka mzima walijipima majumbani mwao kwa mizani zipelekazo tarakimu zenyewe bila waya. Katika siku 10 baada ya Krismasi, Wamarekani walionekana wameongezeka asilimia 0.4 ya uzani wao, Wajerumani 0.6, na Wajapani 0.5. Lakini Wajapani waliongezeka pia katika mapumziko yao yaitwayo Wiki ya Dhahabu, ambayo huangukia mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, hali ya hewa ikiwa njema kabisa. Wajerumani waliongezeka katika Pasaka. Na Wamarekani katika Sikukuu ya Shukrani, kabla baridi haijawashika barabara. Kila taifa lilinenepa kwa kalenda ya karamu zake. Na ikumbukwe kwamba wanunuao mizani za namna ile ni watu waangaliao uzani wao kuliko walio wengi, nao vilevile hawakusalimika.

Tena wazee wa Ulaya walipatwa na baridi kali kuliko ya wajukuu wao, pasi na mabomba ya maji ya moto ukutani wala madirisha ya vioo viwili viwili, na Krismasi walikuwa nayo, yenye nyama na mikate na pombe. Kilichotofautiana ni yale yaliyoitangulia. Katika karne za kati, Wakristo wa magharibi walikula bata bukini siku ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, wakati mifugo ilipochinjwa kwa kuwa majani ya kuilisha yalikuwa yakiisha, kisha wakaingia katika mfungo wa kuingojea Noeli, ambao katika siku zake zilizowekwa nyama iliachwa, na katika mahali pengi maziwa na siagi pia. Wajerumani wa Saksonia walikanda mkate wao wa sikukuu, ule uitwao Stollen, kwa mafuta ya mbegu, na kwao lilikuwa jambo la kuandikiana na Roma mpaka Papa Innocent VIII alipowapa ruhusa ya siagi mwaka 1491. Wakristo wa Kiorthodoksi hufunga siku 40 kabla ya Noeli hata leo, na Wahabeshi nao hufunga wiki zipatazo sita mpaka Noeli yao ya tarehe 7 Januari. Karamu ilianza siku yenyewe, ikaendelea kwa siku 12, ikakoma.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu naliona ndilo kiini cha habari yote. Wiki zile zile ambazo zamani zilikuwa za kujizuia, leo zimekuwa za kula, na karamu imepoteza mwanzo wake na mwisho wake. Biashara imeivuta Krismasi mpaka Novemba, na katika maduka mengi mpaka Oktoba, peremende za watoto wazungukao milangoni usiku wa tarehe 31 mwezi huo zikiwa bado hazijaisha. Na afikapo mtu tarehe 25 Desemba, siku ambayo kwa haki yake ni ya furaha na ya kula, amekwisha kula sikukuu nzima kwa vipande, amesimama, bila ya meza wala ahali wala shukrani. Waislamu wa pwani yetu wana mfano wao wenyewe wa kulinganisha. Uchunguzi mwingi uliokusanywa juu ya Ramadhani waonyesha kwamba wafungao aghalabu hupungua kilo moja hivi, kisha huirudia katika wiki chache. Na kila mwenye kaya ajua kwamba mwezi huo, ukiandamwa na futari ya kupita kiasi, sambusa na kaimati na tambi za sukari kila magharibi, waweza kumtoa mtu mnene kuliko alivyoingia.

Na tuutazame mwili wenyewe, kwa kuwa mengi ya fadhaa za siku hizi yatokana na kutoujua. Mtu aamkaye tarehe 26 Desemba, akapanda mizani na kuona kilo 2 zimezidi, asidhani kuwa amejipatia kilo 2 za shahamu usiku mmoja. Wanga alioula huwekwa katika ini na misuli kwa sura ya glikojeni, na kila gramu moja ya glikojeni hushika gramu zipatazo 3 za maji. Chumvi ya nyama zilizohifadhiwa na ya mchuzi huzuia maji mengine. Na chakula chenyewe bado kimo tumboni. Hayo hutoka katika siku chache, mtu arudipo katika kula kwake kwa kawaida. Kuunda kilo moja ya shahamu kwahitaji ziada ya kalori zipatazo 7,700 juu ya zile ambazo mwili umezitumia, na hapana mla karamu awezaye kuimaliza ziada hiyo kwa mkao mmoja, hata awe na hamu ya namna gani.

Basi zile kilo 0.37 za Bethesda zatoka wapi? Tukiupigia uzani huo hesabu ya kalori 7,700 kwa kilo, kisha tukagawa kwa siku 45 za majira hayo, twapata ziada ya kalori 63 hivi kwa siku. Hesabu hiyo ni ya kukisia, maana mwili hubadili matumizi yake kadiri ulishwavyo, lakini yatuonyesha mahali pa kuelekeza macho: kalori 63 ni biskuti moja ndogo. Bata mzinga wa Alhamisi ile, pamoja na viazi vilivyopondwa kwa siagi, mkate wa viungo uliojazwa tumboni mwa ndege, na pai ya boga iliyokuja mwisho, hulaumiwa bure kwa sehemu kubwa. Kinachostahili kuulizwa ni lile kopo la biskuti lililowekwa karibu na mashine ya kahawa ofisini tangu wiki ya kwanza ya Desemba, na sanduku la chokoleti lililoletwa na mgeni ambalo hufunguliwa kila apitapo mtu, na sahani ya mabaki iliyomo katika jokofu iliwayo saa nne za usiku kwa sababu ni dhambi kuitupa, na gilasi ya divai ya moto iliyotiwa mdalasini na sukari ambayo haikuhesabiwa kuwa chakula kwa kuwa ilinywewa barabarani, kati ya vibanda vya soko la Krismasi.

Wala shibe, ambayo siku nyingine ni mlinzi mwema, haifanyi kazi yake katika siku hizi. Barbara Rolls na wenziwe, walipokuwa Oxford, walieleza mwaka 1981 kwamba mtu hukinai ladha ya kile alacho kabla hajakinai chakula kwa jumla. Akishiba nyama, hamu yake ya nyama hushuka, ilhali hamu yake ya kitu kitamu, laini, cha rangi nyingine, imesalia kama ilivyokuwa. Meza yenye aina moja au mbili hutufikisha mwisho mapema, na meza yenye aina kumi na tano, kila moja ikingoja zamu yake, hutuamsha upya mara kumi na tano. Isitoshe, John de Castro wa Marekani, aliyekusanya daftari za watu walioandika kila walichokula na waliokula nao, alionyesha kwamba mlo wa jamaa huwa mkubwa kuliko mlo wa upweke, na huzidi kukua kadiri walaji wazidivyo, kwa kuwa mazungumzo hurefusha kikao na mkono hauachi kwenda sahanini. Ongeza kileo, ambacho gramu yake moja ina kalori 7, karibu na zile 9 za mafuta na mbali na zile 4 za wanga, na ambacho hakishibishi bali hulegeza azma.

Giza nalo lina sehemu yake. Mnamo tarehe 21 Desemba jua huzama London kabla ya saa kumi za jioni, na Stockholm kabla ya saa tisa. Atokaye kazini hukuta usiku umekwisha tanda, na matembezi aliyoyafanya mwezi wa Juni hayafanyiki. Baridi yenyewe ingeweza kuulazimisha mwili kuchoma zaidi ili upate joto, lakini watu wa miji hiyo hukaa ndani ya nyumba zilizopashwa moto, huingia katika magari yaliyopashwa moto, na fursa hiyo hupita.

Sehemu ya wasomaji wetu wayaishi haya wenyewe. Wenye asili ya Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, Bukavu na Bujumbura wametapakaa Uingereza, Marekani na Kanada, na mwezi wa Desemba kwao una karamu mara mbili: biskuti na chokoleti za mahali walipo, zilizowakuta kazini na katika shule za watoto wao, na juu yake biriani, pilau, mahamri na maandazi ya nyumbani, ambayo hupikwa kwa wingi zaidi ughaibuni, ndugu wakutanapo kutoka miji ya mbali, kwa sababu chakula ndicho kilichobaki cha kuonyeshana mapenzi. Wamarekani weusi waadhimishao Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966 na kuendelea tangu tarehe 26 Desemba hata tarehe 1 Januari, nao wana karamu yao kubwa usiku wa tarehe 31. Zaidi ya hayo, wasomaji wetu hao wa ughaibuni wamekulia katika ada isiyowatahadharisha. Kwetu, jamaa aliyerudi safari akiwa amejaa mashavu hupokewa kwa furaha, huambiwa amenawiri, na mama mkubwa humshukuru Mungu kwa kuwa mtoto hana dhiki huko aliko. Ada hiyo ilizaliwa katika miaka ya njaa, na ina huruma ndani yake, siitukani. Lakini sukari na shinikizo la damu zimekwisha ingia katika nyumba hizo hizo, na shangazi amsifuye kijana kwa unene mara nyingi yeye mwenyewe anameza vidonge vya sukari.

Kinachonisikitisha kuliko karamu ni yale yafuatayo Januari. Mtu aliyekula kwa wiki sita bila ya kujua, huamua kujiadhibu kwa wiki mbili: hali mlo wa asubuhi, hunywa maji ya ndimu, hujiandikisha katika ukumbi wa mazoezi na kulipa ada ya mwaka mzima, kisha huchoka, huacha, na hubaki na ile nusu kilo yake pamoja na fedheha. Adhabu haikumfunza lolote juu ya lile kopo la biskuti. Njia iliyojaribiwa huko Birmingham, Uingereza, na matokeo yake kuchapwa katika jarida la BMJ mwezi wa Desemba 2018, ilikuwa nyepesi na yenye adabu zaidi. Watu 272 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa karatasi fupi ya nasaha za afya, basi. La pili liliombwa kujipima walau mara mbili kwa wiki na kuandika tarakimu, likapewa nasaha kumi za kushika kiasi, na orodha ionyeshayo kazi ambayo mwili ungelazimika kuifanya ili kukimaliza kila chakula cha sikukuu: kwamba kile kiandazi kidogo cha Waingereza kilichojazwa zabibu kavu na viungo chataka kukimbia dakika 21, na gilasi ndogo ya divai ya moto yataka kutembea dakika 33. Hawakukatazwa karamu. Walipopimwa tena baada ya sikukuu, kundi la kwanza lilikuwa limeongezeka kilo 0.37, wastani ule ule wa Bethesda, na kundi la pili lilikuwa limepungua kilo 0.13. Tofauti baina yao, hesabu zilipokwisha kusawazishwa, ilikuwa kilo 0.49, nayo ni ile nusu kilo ambayo mwaka mzima hauwezi kuiondoa.

Mizani, hata hivyo, si dawa ya kila mtu. Yuko ambaye kupanda mizani humrudisha katika maradhi ya kujinyima chakula au ya kula na kujitapisha, na huyo ni afadhali aiache kabisa, akashauriane na tabibu. Na wako ambao hatari yao ya Desemba haiko katika uzani kabisa: matabibu wa Marekani tangu mwaka 1978 wamekuwa wakieleza juu ya mapigo ya moyo yaendayo ovyo kwa watu waliokunywa pombe nyingi katika siku za mapumziko, hata kwa wale ambao moyo wao ulikuwa mzima.

Kwa hiyo namwomba msomaji, hasa yule aliye ughaibuni, asiivunje karamu yake. Na ale siku ya sikukuu pamoja na watu wake, kwa meza iliyotandikwa, akae, aonje, ashukuru. Bali wiki zilizo kabla yake azirudishie ukawaida wake: biskuti za ofisini azipite, mabaki ayagawe usiku ule ule kwa wageni waondokao, na tangu katikati ya Novemba hata katikati ya Januari ajipime mara mbili kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, na kuandika alichokiona. Akiona nusu kilo imekaa wiki mbili bila kushuka, apunguze wakati huo huo, ingali ndogo. Na mwenye kisukari au shinikizo la damu asingoje Januari. Amwone tabibu wake mwezi wa Novemba, wapange pamoja vidonge na vyakula vya sikukuu kabla meza haijaandaliwa.